Mkamwana Mbele ya Kipaza Sauti

Mwaka jana Elieth alikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye mkutano wa watengeneza podikasti mjini Shinyanga, akala wali wa bure, akarudi zake kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Mwaka huu jina lake liko kwenye ratiba ya wasemaji, na tangu asubuhi ameshakwenda chooni mara nne. Mimi nilimsindikiza, kwa hiyo najua.

Kwa miaka miwili amekuwa akirekodi kwa simu, amejifunika blanketi kuzuia kelele za karasha za kusaga mawe, akisimulia maisha ya wajane wa machimboni bila kujitaja. Kipindi kilichosikilizwa kuliko vyote kilikuwa cha mumewe. Siku ile Festo alikataa kushuka duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, kwa sababu kuta zilikuwa zinadondosha udongo. Elieth akamsema mpaka akashuka. Duara likaporomoka, likamzika.

Ukweni hawakuwahi kuambiwa kwamba alishuka kwa kusukumwa na mkewe. Na kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari wakishatolewa, watoto ni wa upande wa baba. Baba mkwe akisema warudi kwake Mhunze, watarudi. Limi ana miaka minane, Davis mitano. Elieth alijipa moyo kwamba wazee hawana habari na mambo ya simu. Waandaaji walipomwomba asimulie kisa hicho kwa jina lake, akakubali. Alikuwa amechoka kujificha, nadhani, au sifa zilimpanda kichwani. Na yeye ni binadamu.

Alipopanda jukwaani akamwona baba mkwe wake, Mzee Selestine, mstari wa pili, kofia mapajani.

Nilidhani ataanguka. Badala yake akafanya ambacho mkamwana wa Kisukuma hufanya popote: akapiga magoti, kipaza sauti mkononi, macho chini.

"Shikamoo, baba."

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni mbwembwe. Mzee hakucheka.

"Marahaba."

Elieth alibaki palepale chini.  Akaanza kuongea habari za mvua, jamani, mvua za Nyarugusu! Watu wakatazamana. Mimi nilijua anachokikimbia: akifika kwenye lile duara, watoto ndio basi.

Mzee akasimama. Hakumtazama, alielekeza uso ukutani, kama heshima inavyotaka.

"Mama Limi, sauti yako naijua. Vijana wa pale nyumbani huniwekea kwenye simu. Festo akishakataa kushuka, huwa nawaambia wazime." Akakunja kofia mkononi. "Leo nimekuja kusikiliza mpaka mwisho."

Akaketi. Hakusema atafanya nini baada ya hapo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.  Elieth akasogeza kipaza sauti karibu.

"Nilimwambia Festo, 'Watoto hawali woga wako.'"