Zizi Ndani ya Kompyuta

Laptopu yangu ya kwanza ilitoka kwenye duara la kaka yangu, shimo la dhahabu alilochimba na wenzake kule Nyamongo. Ndicho kitu pekee cha maana nilichowahi kuona kikitoka humo. Wiki moja shimo liliwapa kidogo, kaka akaja nyumbani kwa bodaboda, amekumbatia laptopu iliyokwisha tumika, bawaba moja imelegea.

"Mura, soma hayo mambo ya kompyuta unayosemaga," aliniambia, akiniita kijana kwa Kikurya. "Mgodi mkubwa unataka watu."

Baada ya wiki hiyo shimo likajaa maji, na kaka akaanza kuja kuchukua ng'ombe.

Pampu ilitaka mafuta, wachimbaji walitaka ugali, na vyote vilitoka kwenye zizi la baba. Baba hakukataa. Mwana mkubwa akikwambia amebakiza kidogo tu kuufikia mwamba wenyewe, utambishia nini wakati wewe unajua ng'ombe na hujui mawe? Alisimama langoni mpaka ng'ombe aliyeuzwa akapotea kwenye kona, kisha akaingia ndani. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake. Nilikasirika sana, na haikusaidia kitu.

Nilichokuwa najifunza ni usimamizi wa Linux, mfumo unaoendesha seva, zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa kwenye video, mchangamfu kupita kiasi, na alisema anayetaka kuendesha seva lazima awe na mashine kadhaa za kuharibu na kutengeneza upya. Asiyekuwa nazo anatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya laptopu moja, kila moja ikiamini ina diski yake na memori yake. Kila mashine lazima iwe na jina, maana mbili zikiitwa sawa zinavurugana kwenye mtandao. Mwalimu aliziita seva moja, seva mbili, seva tatu. Nilijaribu, nikaona vibaya. Nyumbani kwetu kinachofugwa hakipewi namba. Sikuwahi kumsikia baba akihesabu mifugo. Jioni alitazama tu nani hayupo.

Basi mashine ya kwanza niliiita Mabaka, jina la ng'ombe wa kwanza kuuzwa. Kwetu jina la aliyeondoka hupewa anayezaliwa ili lisipotee, kwa hiyo sikuona nimefanya la ajabu. Kijivu alipouzwa nikatengeneza mashine ya pili. Ya tatu ilikuwa Mchelewaji, ng'ombe ambaye kila siku alirudi wa mwisho kutoka machungani, na jina lilimfaa, kwa sababu memori ilikuwa imebaki ndogo na mashine ile iliamka kwa kujivuta mno. Majina yao ya kweli yalikuwa ya Kikurya. Haya ya Kiswahili yalikuwa ya kuandikia, na baba aliyakubali shingo upande.

Jioni moja alikuja akaketi karibu nami, akauliza nafanya nini.

"Naziita, tata. Mashine hii inamwita mwenzake. Kama yupo, anaitika."

"Mwite Mabaka."

Nikaandika. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini nyeusi, mmoja baada ya mwingine.

"Ameitika," nikamwambia.

Baba akasogea karibu kabisa akaitazama ile mistari, ingawa hakuwa na la kusoma pale. Tangu hapo alikuja kila jioni baada ya kufunga lango la zizi. Zizi halikuwahi kuwa kubwa, na sasa lilikuwa na ng'ombe mmoja tu, Kipara, asiye na pembe, aliyekuwa akikamuliwa na mama. Baba aliketi akauliza, "Wote wamerudi?" Nami niliwaita, wakaitika. Miaka ile sikuwa na kingine cha kumpa, na sisemi kwamba hicho kilikuwa kingi.

Ndipo kampuni moja yenye mkataba na mgodi ilipotangaza nafasi ya msimamizi wa seva, na waombaji tukatakiwa kufika na mashine zetu kwa mtihani wa vitendo. Kaka alikuwa amekwisha kumwomba baba Kipara. Nilimsihi asubiri majibu yangu. Nikipata kazi, mafuta ya pampu yatatoka kwenye mshahara na mama atabaki na maziwa yake. Kaka akakubali. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa.

Mtihani ulitaka mashine nne, ya nne ikiwa ya kulinda lango, kuamua nani aingie na nani azuiwe. Niliitengeneza kwa kunakili Mabaka, halafu ikabidi niibadilishe jina. Majina ya waliouzwa yalikuwa yameisha. Kichwa changu kilikuwa kwenye kanuni za ulinzi, na kwa kuwa Kipara alizoea kulala langoni, nikaandika Kipara.

Jioni baba akaja. "Wote wamerudi?"

Nikaita Mabaka, nikaita Kijivu, nikamsubiri Mchelewaji. Kisha nikaita Kipara, kwa sauti, kama nilivyozoea.

"Kipara nimemfungia sasa hivi," akasema baba. "Huko ndani ni nani ameitika?"

Nikaelewa nilichokifanya. "Ni jina tu, tata. Ngoja nalitoa." Nikalitoa mbele yake, nikaweka jina la seva nne. Hata dakika haikuisha.

"Umeshamwita kule wanakoitwa wenzake," akasema, akainuka.

Asubuhi nilimkuta amemfunga Kipara kamba. Mama alikuwa amesimama na chombo chake cha maziwa mkononi, anauliza ng'ombe anapelekwa wapi, na baba anavuta tu kamba. Nilimkimbilia nikamshika mkono.

"Tata, tulikubaliana tusubiri!"

"Mura, jina lake limetangulia. Nikimbakiza atanifia zizini. Afadhali aende mzima, amsaidie ndugu yako."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kipara aliingia kwenye duara kama wenzake, na maji hayakupungua. Mimi nilifanya mtihani, mashine zangu zikasimama vizuri zote, na nikapata kazi. Siku nilipopokea habari hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu kuliko kama ningefeli. Kaka angesubiri. Sote tungesubiri.

Baba alikuwa ameketi langoni pa zizi. Tangu siku ile ya kamba hakuwa amekuja tena kwenye mashine zangu. Nilimwamkia, nikamweleza kuhusu kazi, akasema vizuri. Nikaketi chini kando yake, nikafungua laptopu magotini, nikawaita Mabaka, Kijivu na Mchelewaji. Wakaitika.

"Na yule mwingine?" akauliza.

"Yupo. Lile jina sikumrudishia."

"Mrudishie," akasema baba. "Sasa huku hakuna mwenye nalo."

Niliandika Kipara. Nikamwita, akaitika. Baba akainuka, akafunga lango la zizi.