Simu Mama ya Katungu na Msiba Usiokuwapo

Saa mbili asubuhi, mtaani Mususa mjini Butembo, Katungu Hulda anafuta vumbi kwenye meza yake ya kutengeneza simu. Kabla ya kushika bisibisi, anafungua simu kuukuu yenye utepe mwekundu na kukagua programu zake moja moja.

"Hii ni simu mama," anasema. "Batoto yote inatoka humu."

Intaneti ni ghali. Katungu, mwenye miaka 31, hupakua programu mara moja tu kwenye simu hiyo, kisha huzirusha kwenye simu za wateja kwa faranga mia tano.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwaka jana aliingiza kwenye simu mama programu ya ujumbe iliyochakachuliwa, aliyoipata kupitia kiungo alichotumiwa na mtu asiyemjua. Ilikuwa na rangi tele, tena ilionyesha hata ujumbe uliofutwa. Ndani ya juma moja kwaya nzima ya kanisa lake ilikuwa nayo.

"Nilipenda ile marangi," anakiri. "Sikuuliza inatokea kwa nani."

Haikuchukua muda, akaunti ya Mama Agar, kiongozi wa kwaya, ikatekwa kupitia programu hiyo. Tapeli akaandika kwa jina lake kwamba mumewe, Timothée, amefariki, akaomba rambirambi. Wengine walituma. Ndugu zake wa kijijini Masereka, kama ilivyo desturi, walikuja wenyewe na kuni na magunia ya viazi.

Marehemu ndiye aliyewafungulia mlango.

"Banaanza kulia, na mimi niko nabaangalia," Timothée anasimulia akicheka. "Donc, tulipika tu birai yabo, ile viazi, tukakula."

Katungu hakucheka. Jina lake ndilo mtaji wake, na wateja walianza kumkwepa. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaungama kosa, akaomba simu zote ziletwe. Kwa Jumamosi tatu alisafisha simu 43 bila malipo. Sasa hachukui kitu nje ya duka rasmi la programu.

Wateja wamerudi, naye ana furaha isiyofichika. Anapanga kufungua meza ya pili Masereka, kwa wale wale waliobeba viazi.

Mama Agar amefika na simu mpya. Tangu mkasa ule, kila akileta simu husimama mezani hadi kazi iishe. Leo anaiweka na kugeuka.

"Tia yenye unaona ni muzuri, Katungu. Sitakuchunga. Niko naenda ku soko."