Ukuta Uliofika Magotini

Juzi niliona lori likipakia mawe ya kilima kilicho nyuma ya kwetu, Kocholia, yaende kuvunjwa kokoto, na nikakumbuka hofu ya mchana mmoja wa utotoni.

Mchana huo majirani walikuwa wamejaa mteremkoni. Wanaume walibingirisha mawe, akina mama wakayapanga ukuta mrefu kukatiza kilima. Kulinuka vumbi na ajono, pombe ya wimbi iliyowangoja chunguni. Mimi sikutulia. Kila mara niligeuka kutazama mwamba wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, maana watu walikuwa wakivuka kutoka huko na magodoro kichwani, wakikimbia askari. Na ukuta wetu ulinifika magotini tu.

"Mama, ongezeni! Wataruka!"

"Nani ataruka?"

"Askari wa Uganda."

Wenzake Mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama hakucheka. "Huu ni wa kuzuia mvua, mwanangu. Mvua ndiyo inabeba shamba letu."

Jioni ikanyesha. Maji mekundu yalishuka kwa kishindo, yakafika kwenye mawe, yakatulia. Mimi bado nilikuwa nimekodolea Tororo macho.

Lori la juzi halikuvuka mpaka; lilitoka upande wetu.