Sabuni kwa Kunong'ona

Jumatatu nilikuwa dukani hapa Nizwa, Omani, nikinunua majani ya chai, akaingia bibi mtu mzima aliyerudi juzi tu kutoka Lusaka. Alitusubiri sisi wote tumalize. Zamu yake ilipofika akainama juu ya meza, akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akanong'ona:

"Mwanangu, sabuni ipo?"

Mwenye duka, mtu wa Pemba, aliitazama rafu iliyojaa sabuni hadi juu. Naye akainama, akanong'ona vilevile: "Ipo, bibi."

"Na mafuta ya kupikia?"

"Yapo. Lakini bibi, mbona tunanong'ona?"

"Kule Lusaka ukitaja sabuni kwa sauti, foleni inaota nyuma yako. Maji ya bomba hayatoki, unga kwa kujuana, na miti yote ya karibu imechomwa mkaa. Nimeshazoea."

"Hapa piga ukelele, bibi!"

Akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na foleni. Akavuta pumzi. "Nataka sabuni!" alipaza sauti, mpaka mpita njia akachungulia. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, nasi tukacheka naye. "Alhamdulillahi," akasema, akinunua kipande kimoja tu.

Nilifika nyumbani nacheka bado, nikamsimulia mke wangu, aliyeondoka Unguja zama za foleni za mchele. Yeye hakucheka. Alifungua sanduku lake la nguo, akanionyesha vipande kumi na viwili vya sabuni.

"Usimwambie mtu," akaninong'oneza.