Kiti Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Dianah Ndambuki hutengeneza viti vibaya, na huvifanya vibaya makusudi. Ni viti vya katoni zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, zikakaushwa juani mpaka zikawa ngumu kama mbao. Rangi hapaki. Upande mmoja utasoma jina la sabuni, upande wa pili la mafuta ya kupikia. Mtu akimuuliza kwa nini asivipambe kidogo, humkazia macho mpaka huyo mtu akumbuke ana kazi kwingine.

Nafundisha darasa la sita katika shule ya umma huku Gatuanyaga, na Dianah nimemjua tangu alipoanza kuja kwetu. Namwogopa kidogo na kumpenda sana.

Anaishi Ruiru, kule Kiuu, chumba kimoja juu ya kinyozi, na ameajiriwa hospitalini Thika. Cheo chake ni mtaalamu wa tiba ya kazi, jina ambalo halimwambii mtu chochote, ndiyo maana wazazi humwita daktari wa mazoezi. Shule yetu haina mtu kama yeye katika orodha ya wafanyakazi. Tulifunguliwa darasa la watoto wenye ulemavu, tukapigiwa makofi, kisha tukaachiwa mwalimu mmoja na mama mmoja wa kuwalisha. Dianah alimsumbua msimamizi wake hospitalini mpaka akaruhusiwa kuja kwetu baadhi ya Jumatano. Hakuja na dawa wala mashine. Alikuja na futi ya fundi cherehani shingoni.

Siku ya kwanza alimtafuta Kamene, yule mama wa kuwalisha.

"Mimi nikienda, mtoto anabaki na nani?" alimuuliza. "Anabaki na wewe. Kwa hivyo ni wewe nitafundisha."

Akachuchumaa naye kwenye mkeka saa ya uji. Hapo ndipo alipomwona Safaa, binti ya Tausi muuza mitumba na Yahya mnunuzi wa mbuzi. Safaa alikuwa na miaka sita na shingo yake haikubeba kichwa. Alicheka sana, na alikohoa sana. Kifua kilimsumbua mwaka mzima, na kila mtu, mama yake akiwemo, aliamini kikohozi ni sehemu ya ulemavu aliozaliwa nao.

"Si kuzaliwa," Dianah alimwambia Kamene. "Mnamlisha akiwa amelala chali. Uji unaingia kwa mapafu. Huyu anataka kukaa wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, na kijiko kidogo."

Kamene alijaribu kumpakata. Lakini wengine walikuwa wakilia njaa mkekani.

"Daktari, mimi niko na mikono miwili tu," alisema, "na hawa ni wengi."

Dianah hakubishana naye, maana ilikuwa kweli. Alimpima Safaa mgongo, mapaja na miguu, akarudi Kiuu, akatengeneza kiti cha mwili ule mmoja, chenye meza ndogo mbele na mito ya kushika kichwa pande zote mbili. Akakipaka rangi ya manjano na maua ya buluu. Nilikiona siku alipokileta. Hapakuwa na kitu kizuri kama kile katika shule yetu nzima, na hilo ndilo lililotuponza.

Mwalimu mkuu, Bwana Mutisya, si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala vizuri zaidi. Alikipenda kile kiti kwa moyo wake wote, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani kilikuwa ofisini mwake, juu ya kabati, kimefunikwa nailoni.

"Madam, mgeni rasmi anakuja kufungua vyoo vipya," alimwambia Dianah. "Tutazindua vyote pamoja."

"Mwalimu, huyu mtoto anakula kila siku."

"Ni siku chache tu. Kikimwagiwa uji saa hii, mgeni tutamwonyesha nini?"

Msomaji wa mbali atashangaa. Sisi hatukushangaa. Kwetu kitu kipya hakiguswi kabla ya kukatiwa utepe. Tangi letu la maji lilikaa limejaa huku watoto wakibeba maji kwa mitungi kutoka nyumbani, likimsubiri mtu wa kulifungulia mfereji mbele ya kamera. Basi kiti nacho kikasubiri, na Safaa akaendelea kulishwa mkekani.

Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Kila Dianah alipokuja alipitia ofisini kwanza kabla ya kwenda darasani, na kila mara alitoka mikono mitupu. Mara ya mwisho alikishusha kiti mwenyewe, akakibeba hadi mlangoni.

"Ukitoka na hicho kiti, usirudi hapa," Bwana Mutisya alimwambia bila kupandisha sauti.

Alisimama pale na kiti kifuani. Aliwafikiria wale watoto wengine wa mkekani, ambao baada yake hawangekuwa na mtu. Akakirudisha juu ya kabati. Nilikuwa nimekuja kuchukua chaki, nikamwona akikifunika tena nailoni.

Mvua zilipoanza, kifua cha Safaa kilijaa. Alilazwa Thika, akafa alfajiri, na kabla ya jua kutua alikuwa ameshazikwa. Bwana Mutisya alilia mbele ya walimu, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

Halafu mgeni rasmi akaja. Ilibidi kiti kiwe na mtu, kwa hivyo wakamkalisha mtoto mwingine wa mkekani, binti ya Musau, mkubwa kuliko Safaa, miguu ikining'inia na meza ikimbana tumbo. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, tukapiga makofi.

Dianah hakuwepo. Yeye alikuwa nyumbani kwa Tausi, na yaliyosemwa huko aliniambia mwenyewe baadaye.

Tausi alikuwa amekaa sakafuni akikunja nguo za mtoto, azigawe. Alikuwa ameshasikia maneno ya shuleni.

"Wanasema kulikuwa na kiti," alisema.

"Kilikuwepo, Mama Safaa."

"Alikikalia?"

"Siku moja. Ile siku nilikileta, kabla kichukuliwe. Nilimlisha mimi. Alimaliza kikombe chote cha uji."

Tausi aliacha kukunja.

"Na alikohoa?"

Miaka sita mama huyu alikuwa amejiambia kwamba kile kikohozi kilitoka kwa Mungu, na baada ya maziko alikuwa anapata usingizi kwa sababu ya wazo hilo tu. Dianah alilijua hilo. Lakini alikuwa ameulizwa, na hakuwahi kujifunza kumdanganya mzazi.

"Hakukohoa hata mara moja."

Tausi alijifunika uso kwa gauni dogo alilokuwa ameshika. Aliposema, sauti yake haikuwa na hasira.

"Ungenidanganya, dada," alisema. "Si ungenidanganya tu."