Mbuzi wa Jangwa Aliyefika kwa Mama Julienne

Julienne Mwenze wa Katongo: binti wa Osée, aliyelisha makaa tumboni mwa treni mpaka treni zenyewe zikachoka, mjukuu wa Chileshe, aliyelisha kambi nzima ya wachimba shaba kwa samaki kavu wa Pweto, na mwenye kukataa sahani yake aliulizwa kama ana homa. Yeye mwenyewe alimnenepesha bwana wake mpaka suti ya ndoa ikabaki ya kuangalia tu. Katika ukoo ule hawaulizi "habari gani". Wanauliza "umekula?", na jibu lako hawalisikilizi.

Basi mwanawe Rigobert, dereva wa lori la shaba, akarudi kutoka Namibia na mbuzi jike, amekaa ndani ya kabini kama abiria. Jinsi mbuzi yule alivyovuka mipaka yote, wakati mtu akienda mpakani Kasumbalesa kununua sabuni anaulizwa mpaka kadi ya chanjo, hayo tumwachie Mungu. Miguu mirefu, masikio yanalegea kama ya mtu aliyechoka kusikia, mwembamba kama mpini wa jembe.

— Mama, uyu ni mbuzi ya jangwa, Rigobert akasema. Kwabo banakula miiba, banatembea siku muzima, maji banakunywa mara moja-moja. Usimusumbukie.

Usimsumbukie! Mwambie padri asisome misa, pengine atakusikia.

— Masikini, mutoto ya benyewe, Julienne akamwambia mbuzi. Sasa umefika kwa bantu.

Akamwita Madame. Beberu wa jirani naye hakuomba ruhusa kwa mtu, na baada ya muda tumbo la Madame likaonekana. Hapo Julienne akamwingiza katika kibanda cha jikoni, akamfunga kamba, ili macho ya wivu yasimguse, kama vile mwanamke mwenye mimba anavyofichwa. Asubuhi bukari, ugali mzito. Jioni bukari. Katikati, mahindi laini na machicha ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Akatangazia avenue nzima, mtaa wote, kwamba Madame atazaa watoto wakubwa kama ndama, na kwamba hapo ndipo litaanzia kundi la mbuzi la Mama Julienne. Jina lake lote akalitundika kwenye tumbo lile.

Abigaïl, dada wa bwana wake, aliyekaa katika lupangu lilelile, ua mmoja na wao, alichungulia mlangoni.

— Wifi, iyi ni mbuzi ao ni pipa?

— Kwenu unene munausikiaka mu redio tu, Julienne akamjibu. Funga mulango.

Siku za kuzaa zilipokaribia, Madame akageuza uso mbele ya bukari. Julienne akaongeza bukari. Kesho yake mbuzi akasimama ameegemeza kichwa ukutani, anasaga meno, halafu akalala na hakutaka kuinuka. Julienne akainama karibu na mdomo wake. Pumzi ilitoka tamu na kali. Akanusa tena. Akasimama.

— Lutuku! Bamemunywesha mbuzi yangu lutuku!

Na nani anapika pombe ile katika lupangu lile? Avenue nzima inajua, hata polisi wanajua, ndiyo maana wanapita mara kwa mara kuhakikisha ubora.

— Miye? Abigaïl akatoka na mwiko mkononi. Lutuku yangu bantu banaililia, njo niimwangie mbuzi?

— Wivu njo inakutuma!

— Wivu ya nini, ya kulala chini na kusaga meno?

Majirani wakaja na viti vyao. Abigaïl, ili asafishe jina lake, akaenda mwenyewe kumwita Désiré, munganga wa wanyama. Désiré akafika, akanusa, akachovya kikaratasi katika mkojo wa Madame, kikaratasi kikageuka rangi. Kisha akatazama sahani zilizopangana pembeni.

— Nani alikuwa anamulisha?

Julienne akajinyoosha kama mtu anayengoja nishani.

— Ni miye.

— Mama, lutuku haiko. Arufu iyi inatoka mu mwili yake mwenyewe.

Akamweleza taratibu. Kuzaa kukikaribia, damu ya mama hupokea amri mpya: fungua ghala, toa sukari, peleka kwa watoto, tayarisha maziwa. Mbuzi anayetembea anaitii amri hiyo bila taabu. Lakini Madame amejaa mafuta, na watoto tumboni, tena wawili, wamebana mahali pa chakula. Hawezi kula tena. Sukari imeisha, mwili unachoma mafuta yake kwa haraka, ini linazidiwa, na harufu ile ni kama moshi wake.

— Kwa kifupi, mama, anakufa na njaa.

— Njaa? Mu lupangu yangu?

Tangu treni ya kwanza ya Osée, ukoo ule haukuwahi kutukanwa namna hiyo. Mama zake Madame walipita jangwani na miiba mitupu, wakazaa, wakanyonyesha. Yeye njaa imemkuta amezungukwa na bukari.

Désiré akasema atatia maji ya sukari katika mshipa, atanywesha dawa tamu, na atachoma sindano ya kuita uchungu mapema. Watoto wanaweza kufa. Mama pia. Lakini kungoja ni kuchimba shimo.

Watu wote wakamtazama Julienne. Ndama wake wa kutangazwa wangetoka wadogo kama panya, mbele ya avenue nzima. 

— Wifi, Abigaïl akasema, sasa kwa sauti ya chini. Ata baba yako, kama makaa ilijaa mpaka moto ikakosa pumuzi, treni ilitembea?

Julienne akaitazama sahani ya bukari. Akaisukuma kwa mguu.

— Choma sindano.

Baada ya siku mbili Madame akazaa. Mmoja hakupumua. Wa pili, jike, mwembamba kama mama yake siku ile ya kabini, akasimama kwa kuyumba, akagonga kiwele kwa kichwa, na maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yakashuka. Désiré aliendelea kuja na dawa yake tamu, kwa sababu maziwa nayo yanadai sukari, mpaka asubuhi moja Madame akainuka mwenyewe, akatoka nje, akaanza kutafuna bugenvilia ya Abigaïl, miiba na yote.

Julienne akashika kamba, akampelekea wifi yake.

— Kamata.

— Juu ya nini miye?

— Juu weye hauna huruma. Kila asubuhi umutembeze mpaka kwa reli, yeye na mutoto yake. Akibeba mimba ingine, ukiniona karibu yake na sahani, unikimbize.

— Na ile neno ya lutuku?

— Munganga alishasema haikuwa lutuku. Unataka nirudilie maneno ya bantu?

Abigaïl akazungusha kamba mkononi, akacheka puani, akageuka kwenda.

— Ngoja kwanza! Julienne akamwita. Umekula?