Nta ya Gari la Harusi ya Zaina

Enzi zetu za Zaire, pale Kabondo, gari halikwenda harusini likiwa limeoshwa tu. Lilipakwa. Kwanza dawa ya kukinga rangi, nyeupe kama maziwa, harufu yake inafika mpaka kwenye sufuria ya pondu, kisamvu cha mama. Ikikauka inafutwa, ndipo nta ya manjano inakuja juu, kwa kipande cha liputa, kitenge kuukuu cha mama. Ukitanguliza nta, dawa haishiki. Ukiharakisha, vyote vinageuka uji. Papa alituimbia hayo mpaka tukayasema usingizini.

Mtihani ulikuwa wa mama mukubwa: alisimama mbele ya mlango wa gari akafunga kilemba chake. Asipojiona vizuri, tunaanza upya, na hapo hakuna kupatana.

Siku ya harusi ya dada yangu Zaina, wakwe walikuwa wamekwisha kuvuka mto kutoka Lubunga, wanamngoja kivukoni. Wingu lilikuwa limeinama. Mvua ingetangulia nta, bibi-arusi angepanda kamyo ya tonton, mdogo wa papa, lori lililotoka kubeba samaki.

Papa akagusa boneti kwa mgongo wa kidole. “Iko bado.”

“Bon, paka nta twende,” tonton akasema. “Watu wanakuja kuangalia bibi, si mulango.”

“Iko bado, nakuambia.”

Nikagusa mimi. Nikagusa tena, maana kila kitu nakihakikisha mara mbili. Kavu kabisa, tena tangu zamani. Nikafungua mdomo, mama mukubwa akanibana bega.

“Nyamaza. Akipaka ile nta, mutoto anaenda.”

Zaina alisikia. Akashuka barazani na viatu vyake vyeupe, akachovya kitambaa kwenye mkebe wa nta, akamtia papa mkononi.

“Papa, tupake wote wawili.”

Wakapaka. Mama mukubwa akafunga kilemba, akasema tu, “Kitoko, muzuri.” Tonton akaendesha. Mvua ikalikuta gari langoni, matone yakasimama juu ya rangi kama shanga, na papa akabaki uani na kitambaa chake, analowa.

Vijana wa leo wana chupa moja inayofanya yote: wanapuliza, wanafuta, wanaondoka. Nilipouliza nta iko wapi, walinitazama kama mtu anayelipa kwa makuta, sarafu za Zaire. Hivyo ndivyo walivyolitengeneza gari la kumpeleka binti yangu kwa mumewe. Liling'aa, sibishi. Nikagusa boneti kwa mgongo wa kidole, mara mbili. Kavu. Hawakuniachia hata kitu cha kungoja kikauke.